Mgeni wa Kimbaumbau

Jumamosi ile nilikwenda kuoshwa nywele kama kawaida yangu. Aliyeniosha ni mjukuu wa marehemu dada yangu, mtoto niliyemlea tangu anatambaa. Alikuwa kaajiriwa saluni ya mtaani kwetu, kuosha vichwa na kufagia. Saluni yenyewe chumba kimoja: mlango wa kioo, viti vitatu, sinki la kuoshea kule nyuma, na televisheni ukutani. Wenzake walimwita Kimbaumbau kwa wembamba wake. Naye akicheka nao tu. Hana kinyongo yule mtoto, ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: zile filamu za mnyonya damu. Mnazijua nyinyi wajukuu. Kijana mzuri, kapauka kama katoka kulazwa hospitali, ana miaka mia na ushee hajafa, kampenda binti wa kawaida. Kila filamu lazima afike mlangoni kwa huyo binti, abishe hodi, asimame. Haingii mpaka akaribishwe. Hapo wasichana wa saluni huacha vichwa vya watu nusu vimesukwa, wakamwitikia kwa sauti moja: "Karibu ndani!" Halafu mayowe.

"Nyie," nawauliza, "mnakaribisha maiti?"

"Bibi, maiti gani mzuri hivi!"

Kimbaumbau aliwazidi wote. Picha ya mwigizaji yule ilikuwa kwenye simu yake, juu ya kitanda chake, mpaka kwenye kikombe chake cha chai. Wateja wakimtania: "Shemeji yetu hajambo?" Naye, kainamisha uso kwa haya, anajibu: "Hajambo, anawasalimu."

Kulikuwa na msusi pale, mrembo, ulimi wake wembe. Utani wa shemeji haukumtosha. Akamwambia Kimbaumbau kwamba mwigizaji yuko mjini kuzindua filamu mpya, na Jumamosi atapita pale kunyolewa. Mwenzake, yule binti mpaka rangi wa kucha, akaapa kuwa ni kweli. Kumbe wameshapanga: kaka wa mpaka rangi ajipake poda uso mzima, avae koti jeusi, aje abishe hodi. Kimbaumbau azimie, wao wamrekodi, wacheke mwaka mzima.

Mtoto akaamini. Wiki nzima hali, halali. Gauni lake la njano nililipiga pasi mimi mwenyewe.

"Bibi, akinipenda je?"

"Akikupenda atakuja nyumbani aseme na wazee, kama watu."

Akacheka mpaka akakaa chini. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Basi. Jumamosi hiyo ikafika, adhuhuri, jua kali, barabara imejaa watu. Nimelaza kichwa kwenye sinki, povu limenifika nyusi, macho nimefumba. Vidole vyake vya moto vinanisugua kichwa kwa pupa. Nikasikia kioo cha mlango kikigongwa. Taratibu.

"Hodi."

Sauti nzuri. Ile ile ya kwenye televisheni.

Msusi akabana kicheko. "Kimbaumbau, mumeo huyo! Mkaribishe, ataungua na jua!"

"Bibi, nakuja sasa hivi," mjukuu wangu akaninong'oneza. Vidole vikaniachia. Nikasikia viatu vyake, ko, ko, ko, mpaka mlangoni.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani."

Mlango ukafunguka. Kelele za barabara hazikuingia.

Papo hapo simu ya mpaka rangi ikaita. Akapokea. Akasikiliza. Kisha akamnong'oneza msusi: "Kaka ndiye huyu kwenye simu. Yuko nyumbani. Anasema poda imeisha."

"Sasa huyu nani?"

Nikasikia mpaka rangi akiingia chini ya meza.

Mimi sioni kitu, povu. Nikajua mjukuu karudi, maana vidole vilirudi kichwani. Vikaanza kuosha. Polepole. Kwa ustadi. Ila vya baridi, kama vimetolewa kwenye friji.

"Maji ya moto yameisha?" nikauliza.

Vidole vikazidi kuosha.

Vidole vikashuka nyuma ya masikio. Vikashuka shingoni. Vikatulia pale panapodunda.

Ndipo nikamsikia mjukuu wangu. Alikuwa bado mlangoni.

"Bibi," alinong'ona. "Usifumbue macho."

Sikufumbua.

"Hakunitazama," akasema, sauti inapasuka. "Kanipita kama kiti."

Kitu kile kikacheka. Hakikutoa sauti. Nilikisikia kikicheka kwenye vidole.

"Mwache bibi yangu. Mimi ndiye niliyekukaribisha."

Vidole vikakaza.

"Mwache! Nichukue mimi."

"Wewe?" Ile sauti nzuri, sikioni kwangu kabisa, haina pumzi. Ikakaa kidogo, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Haya. Wewe nawe si haba."

Vidole vikaondoka. Sikusikia hatua. Sikusikia ukelele. Nilisikia mlango ukijifunga.

Nilipopangusa povu, jua linawaka nje na watu wanapita na mizigo yao. Mjukuu wangu hayupo. Viatu vyake vilikuwa kizingitini, vimepangwa vizuri, pua zikielekea ndani.

Mpaka rangi kajikunyata chini ya meza. Msusi kasimama na simu mkononi, bado anarekodi, anacheka. Alicheka tulipomuuliza. Alicheka mbele ya polisi. Alicheka mpaka koo likatoa damu. Sasa yuko kwa mama yake, analishwa uji kwa kijiko, kicheko kwa kicheko.

Ile video niliitazama mara moja. Unaona mlango unafunguka, hakuna mtu. Unamuona mjukuu wangu na gauni la njano, anatabasamu. Halafu tabasamu linamtoka, kidogo kidogo, huku macho yake yakimfuata mgeni asiyeonekana, mpaka kule nilikolala mimi.

Mwigizaji mwenyewe alikuwa ng'ambo siku hiyo, yu kitandani na mafua, redio ilisema. Hana kosa. Hata jina la mtoto wangu hajalisikia mpaka leo.

Saluni sijakanyaga tena. Lakini kichwani mwangu, katikati ya mvi, kila mahali vile vidole vilipogusa pameota nywele nyeusi tii, laini kama za mtoto mchanga. Nimezinyoa kwa wembe, zimeota tena kabla sijauweka wembe chini. Kila Jumamosi adhuhuri, hata nikiwa nimekaa juani na kitambaa kichwani, zinaloa zenyewe. Ukizikamua, linatoka povu.