Kamba ya Miguu ya Alinur

"Umesema mtoto anaitwa nani?"

Perizat aliuliza simu ameibana begani, vidole vimejaa sukari nyekundu.

"Alinur," ikajibu sauti ya mteja. "Liandike kubwa kwenye bango, dada. Ngamia asimame pembeni, asilizibe."

Simu ikakatika. Perizat akabaki ameduwaa jikoni kwao, hapo Shymkent, kazungukwa na biskuti zenye umbo la Botakan, yule mtoto wa ngamia wa kwenye katuni, mwenye buti nyekundu, aliyewatia wazimu watoto wa mji mzima.

"Una nini wewe?" Wifi yake, Gulnar, mke wa kaka yake, aliyekuwa anakata masikio ya ngamia ya karatasi, akamtupia jicho.

"Alinur. Ndilo jina Dauren alilosema tutampa mtoto wetu wa kwanza."

"Makubwa! Kwani mchumba wako kalinunua hilo jina? Akina Alinur wamejaa tele. Paka sukari."

Perizat akacheka, lakini roho haikutulia. Mteja huyu alikuwa wa ajabu tangu mwanzo. Alipoombwa picha ya mtoto, alituma ya nyayo tu, ya kupimia vibuti vya sufu. Halafu akasisitiza biskuti zisiwe na ufuta, maana baba mtoto ufuta unamvimbisha midomo. Na Dauren naye, siku ya posa, alikataa mkate wa ufuta kwa sababu hiyohiyo. Hilo Perizat hakumwambia wifi. Alijipapasa hereni za uchumba alizovishwa na mama yake Dauren mbele ya ukoo mzima, akaziona zimekuwa nzito.

Ujumbe ukaingia.

"Dada, nina ombi. Kesho Alinur anakatwa kamba. Nataka uikate wewe."

Gulnar aliusoma akiwa nyuma yake, mkasi ukamponyoka.

"Kachanganyikiwa huyu! Mtoto anayeanza kutembea hufungwa kamba miguuni, na anayeikata ni mtu ambaye mama anataka mwanawe arithi mwendo wake. Mpambaji wa sherehe anahusikaje? Anakujua?"

"Sijawahi kumwona."

"Basi usiende. Mwili wote unanisisimka."

Perizat akampigia Dauren.

"Mpenzi, kesho unisindikize kwa mteja?"

"Kesho niko Taraz kikazi, roho yangu. Sherehe ya nani?"

"Ya mtoto mmoja. Anaitwa Alinur."

 

"Usiende."

"Kwa nini?"

"Umechoka. Mpe wifi yako apeleke. Perizat, nakuomba."

Hakuwahi kumwomba kitu kwa sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa.

"Sawa," akamjibu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Dauren.

Kesho yake mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba, macho yamevimba kwa kulia.

"Karibu, dada. Mimi Ulzhan. Unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

 Ulzhan akapokea bango, akampisha.

Perizat aliingia na sinia la biskuti. Kwenye kiti cha heshima, katikati ya majirani, alikaa mama yake Dauren, yuleyule aliyemvisha hereni. Alikuwa amempakata mtoto. Na dirishani alisimama Dauren, anapuliza puto. Puto likamtoka mdomoni, likazunguka chumba kizima likipiga kelele, likaanguka juu ya zulia.

"Taraz imehamia huku?" Perizat akauliza.

"Nisikilize. Nilitaka kukwambia baada ya harusi."

"Baada ya harusi!"

"Ulzhan alikuwa ameshaolewa na kuachika kabla yangu, ndiyo maana mama hakumtaka. Wewe ndiye ninayekupenda!"

"Alinioa kwa nikahi ya siri, dada," Ulzhan akasema. "Ningekwambia kwenye simu, ungeniamini?"

Perizat akakumbuka. Dauren alishamwonya kwamba kuna mwendawazimu mmoja anayempakazia mtoto.

"Nisingekuamini," akakiri. "Lakini kamba, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu humu ndani wote tulimficha mtoto huyu. Hata mimi nilikubali. Sitaki atembee kama sisi."

Perizat aliumia, akatamani kuchana mapambo yote aliyoyakata kwa mikono yake. Ndipo Alinur alipoteleza kutoka kwa bibi yake, akasimama kwa kushika kiti, akamwonyesha kidole ngamia wa kwenye bango na kucheka. Miguuni alivaa vile vibuti vyekundu vya sufu vilivyotangulia kuletwa, vimefungwa pamoja kwa kamba nyeusi na nyeupe.

Perizat akauchukua mkasi mezani.

"Perizat, weka chini," Dauren akasema. "Tusiaibishane mbele za watu."

Perizat akapiga magoti mbele ya mtoto. Ulzhan akajiziba mdomo. Mkasi ukalia mara moja, kamba ikaanguka.

"Nenda, mwanangu. Nenda mchana, watu wakuone."

Alinur akaachia kiti. Akapiga hatua, akayumba, akapiga nyingine, mikono kainyoosha kwa baba yake. Dauren hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Perizat, aliyekuwa anavua hereni.

Akaziweka kwenye kiganja cha mama yake Dauren.

"Mama, mlikosea masikio."

"Mwanangu, kaa kwanza tuongee..."

Perizat alishafika mlangoni. Dauren akamkimbilia, akampita mtoto.

"Perizat! Usiniache!"

Hakugeuka.

"Mshike mwanao, Dauren. Ataanguka."