Kidonda cha Bibi na Mlango wa Muuguzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alichemsha maji, akayaacha yapoe, kisha akapiga magoti kumsafisha bibi yake kidonda cha mguuni. Walimwita Pilipili kwa sababu ya hasira zake, na jina lilimkaa sawasawa. Bibi alikuwa na kisukari. Kidonda kidogo cha kidoleni kilikuwa kimegoma kupona, na sasa kidole kilianza kubadilika rangi.

"Bibi, turudi kliniki," Pilipili alisema.

"Sirudi. Funga tu hapo, mjukuu wangu."

Pilipili aliijua sababu, maana siku ile alikuwepo. Muuguzi wa chumba cha vidonda alisimama mlangoni, miwani ameipandisha juu ya paji la uso, akapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Harufu hii ni ya nani? Wewe bibi, kwani kwenu hakuna maji?" Watu walicheka. Bibi, ambaye hakukosa kuoga asubuhi na jioni, aliinuka akaondoka bila kutibiwa. Tangu hapo Pilipili alimwekea muuguzi yule kinyongo. Usiku alilala nacho, asubuhi aliamka nacho. "Atanitambua," alijiapiza.

Mwisho wa wiki dada yake alikuja kutoka chuo kikuu. Alikuwa akisomea afya, lakini si udaktari. Darasani kwao walisoma historia ya magonjwa, maadili ya tiba, na namna wagonjwa wanavyosimulia maumivu yao. Jirani yao, fundi cherehani, hakuchoka kumtania.

"Hujambo, daktari usiyechoma sindano?"

"Sijambo, fundi. Mimi nachoma kwa maswali."

Safari hii dada alikuja na kazi. Yeye na wenzake wangeonyesha igizo kliniki, mbele ya wagonjwa na wauguzi, kuhusu mzee aliyechanganya dawa zake kwa kutoelezwa vizuri. Mwenzao aliyepangwa kuwa muuguzi alikuwa mgonjwa, kwa hiyo dada alimwomba mdogo wake ashike nafasi hiyo. Pilipili aliruka kwa furaha. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na nyani wake alivaa sare nyeupe.

"Ila kumbuka sheria yetu," dada alisema. "Hadithi ya mgonjwa haisikiki kwa watu mpaka mwenyewe aisikie kwanza na akubali. Huyu mzee ameshakubali."

"Sawa, dada." Maneno hayo yaliingia sikio hili, yakatokea lile.

Jioni walifanya mazoezi uani, majirani wakaja kutazama. Dada alipoanza maneno ya yule mzee, Pilipili hakujibu kama walivyopanga. Alipandisha miwani ya kuigizia juu ya paji la uso, akabana pua, akatembea kwa madaha ya yule muuguzi.

"Harufu hii ni ya nani? Wewe bibi, kwani kwenu hakuna maji?"

Fundi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Huyo namjua! Ni yule wa chumba cha vidonda! Sasa huyo bibi anayenuka ni nani?"

Pilipili aligeuka, kifua mbele, na kumwona bibi amesimama mlangoni. Macho ya majirani yote yalishuka hadi kwenye mguu wake uliofungwa bandeji. Bibi aliteremsha upindo wa gauni, akaingia ndani, akafunga mlango.

Asubuhi Pilipili alipoleta maji, bibi alivuta mguu wake nyuma.

"Weka hapo. Nitajisafisha mwenyewe."

"Lakini bibi, mimi nilikuwa namkomoa yule muuguzi!"

"Muuguzi hakuwepo pale uani. Nilikuwepo mimi."

Pilipili alilia kwa uchungu. Dada alikuja akaketi karibu na bibi. "Nisamehe, bibi. Yametokea kwenye mazoezi yangu. Hadithi hii ni yako. Ungependa nani aisikie?"

Bibi aliupapasa mguu wake. "Muuguzi yule, peke yake. Mlango ukiwa umefungwa."

Siku hiyohiyo walikwenda kliniki. Foleni ilikuwa ndefu, na hasira ya Pilipili ikapanda tena. "Mwambie hapahapa, bibi! Naye achekwe!"

"Nyamaza, mtoto."

Walipoingia, bibi mwenyewe aliufunga mlango. "Muuguzi," alisema, "siku ile ulisema kweli. Kidonda kilinuka. Lakini uliwaambia watu, hukuniambia mimi."

Muuguzi alimtazama, kisha akamkumbuka. Alishusha miwani machoni. Pilipili alisubiri bibi amchape kwa maneno, lakini bibi alinyoosha mguu tu.

"Nisamehe, mama yangu," muuguzi alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimechoka, nikakutupia wewe uchovu wangu." Alifungua bandeji, akakunja uso. "Ungechelewa zaidi, tungekata kidole hiki. Harufu hii ndiyo iliyotakiwa kuniamsha, si kunifanya nikufukuze."

Bibi alirudi kliniki mara kwa mara hadi kidole kikapona. Muuguzi naye alianza kuwaita wagonjwa mmoja mmoja na kuwasikiliza ndani. Igizo lilionyeshwa bila ile sauti ya kubana pua. Pilipili hakumpenda muuguzi yule hata hivyo, ila aliacha kumwapiza.

Jioni ya siku ile bibi alipozungumza na muuguzi, alimwita Pilipili.

"Mjukuu wangu, ulinionea uchungu, najua. Lakini aibu ya mgonjwa si fimbo ya kumpigia adui. Ukiiinua, anayeumia kwanza ni mgonjwa. Mtu akikuonyesha kidonda chake, amekuamini. Itunze imani hiyo."

"Nisamehe, bibi."

Asubuhi iliyofuata Pilipili alisimama kizingitini na beseni la maji, akiogopa kuingia. Bibi alinyoosha mguu.

"Njoo basi, Pilipili. Na ufunge mlango."