Chumvi Iliyogoma Kuganda

"Zimeyeyuka zote, Anitha. Nilipofungua mzigo kule nilikuta uji mtupu."

Zablon alisema hivyo akiwa bado mlangoni mwa maabara, begi la safari likining'inia begani. Anitha alivua glavu moja, akavua na ya pili, akaziweka mezani. Akauliza kama hata punje moja haikusalia. Zablon akatikisa kichwa, akamvuta kifuani, akambembeleza asilie. Akamwambia watapata watoto, na watoto ni bora kuliko fuwele.

Anitha alikuwa binti wa mkulima wa karanga wa Kongwa, akisoma uzamili wa kemia katika chuo kimoja hapa Dodoma. Kwa miezi kumi na minne alikuwa akihangaika na chumvi moja tu. Si chumvi ya mezani. Ile ya mezani hata ukiikaanga kwenye kikaango kikavu kutwa nzima haiyeyuki. Zipo chumvi nyingine, zilizoundwa kwa kaboni, ambazo zinakaa chupani kama mafuta ya alizeti bila kutiwa tone la maji, na wataalamu wanazitumia kulainisha vitu vigumu kama maganda ya karanga. Chumvi ya Anitha ilikuwa ndugu wa hizo. Kila aliyewahi kuitengeneza aliishia na shira nzito isiyoganda. Lakini kama ingeganda ikawa fuwele, punje ngumu kama za sukari, mtu angeweza kuipiga miale ya eksirei na kuona jinsi chembe zake zilivyojipanga ndani, na pengine kujua kwa nini ndugu zake wanagoma kuganda. Hakuna aliyekuwa ameuona mpangilio huo.

Anitha aliigandisha. Alipata fuwele kumi na moja zenye umbo la sindano, angavu kama kioo, nyembamba kuliko unywele wa mswaki. Chuo hakikuwa na mashine ya eksirei ya kupimia fuwele. Zablon, mhadhiri msaidizi na mchumba wake, alikuwa amepata safari ya miezi mitatu Afrika Kusini, na kule mashine ipo. Anitha akamkabidhi fuwele zote.

Sasa Zablon alikuwa amerudi mikono mitupu, na ushauri wake ulikuwa kwamba Anitha aachane na chumvi hiyo. Atafute mada nyepesi, amalize masomo kabla ya harusi ya Desemba. Akamwomba na daftari lake la maabara, amtunzie, asije akawa analitazama na kujiumiza. Anitha akampa. Kwa miezi mitano akawa anapima chumvi ya maji ya visima vya Bahi, akirudi juani nyuma ya bodaboda, kreti la chupa za maji mapajani, akijiambia kwamba ana bahati ya kupata mwanaume anayemfikiria.

Mwezi wa saba alikaa kwenye kompyuta ya maktaba, akaandika jina la chumvi yake ili aone tu kama kuna mwingine aliyeshindwa kama yeye. Ikatokea makala. Ndani yake palikuwa na mchoro: chembe chanya na chembe hasi zimepangika matabaka kwa matabaka, kila moja imeshikwa na jirani yake. Waandishi walikuwa wawili, Zablon na mtu anayeitwa Lea. Chini kabisa, kwenye shukrani, palikuwa na mstari mmoja: *Tunamshukuru Bi. Anitha kwa kuosha vyombo vya maabara.*

Aliusoma mara tatu. Akachapa makala nzima, akaenda nayo ofisini kwa Zablon.

"Hii ni nini?"

Zablon aliitazama karatasi kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

"Makala."

"Uliniambia ziliyeyuka."

"Kaa kwanza. Wewe ni mwanafunzi wa uzamili, Anitha. Jina lako pale lingesaidia nini? Mimi natafuta nafasi ya uzamivu, nahitaji makala. Na wewe ungekuwa mke wangu. Cha mume si cha mke?"

Anitha aliisikia ile "ungekuwa". Akauliza Lea ni nani.

Zablon akasema Lea ni Mtanzania anayesoma kule, ndiye aliyezipiga fuwele eksirei na kukokotoa mpangilio wake. Akaongeza, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba Lea ni mtu wa kiwango chake, na kwamba alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia.

"Umeniandika kwamba nimeosha vyombo."

"Kwani hukuosha?"

Anitha alitoka bila kufunga mlango. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara, Dokta Elieza, mzee mwenye tahadhari aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Akampa shikamoo, akaeleza yote. Mzee akaomba kuona daftari la maabara. Zablon alipoitwa, alisema hajawahi kuliona daftari lolote, na kwamba anamhurumia binti huyu, tangu masomo yamshinde amekuwa akisema mambo yasiyoeleweka.

Siku tatu baadaye Zablon alimtumia meseji baba yake Anitha kule Kongwa. Mzee Gideoni macho yake yalikuwa yamefifia. Jumapili, watu wakiwa wamekaa nje ya kanisa baada ya ibada, akamwomba katekista amsomee, akidhani ni habari za harusi. Katekista akaanza kusoma kwa sauti kubwa, na alipotaka kujizuia alikuwa amechelewa:

*Shikamoo mzee. Nasikitika kukujulisha kuwa nimesitisha posa. Nimegundua mwanao ana matatizo ya akili na ananisingizia wizi. Mahari sidai. Namwombea apone.*

Jioni hiyo Anitha alipigiwa simu na mama yake.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Baba yako ameingia ndani, hataki hata kula. Niambie kama unaumwa, nije nikuchukue."

Na kama vile hiyo haitoshi, wiki iliyofuata iliingia meseji kutoka namba ya nje: *Dada Anitha, mimi ni Lea. Zablon ameniambia unamsumbua. Tunatarajia kufunga ndoa mwakani, tafadhali tuache kwa amani. Kama tatizo ni kazi, nina shangazi Dodoma anatafuta mtu wa usafi, naweza kukuombea.*

Anitha aliifuta. Baadaye alijuta kuifuta, maana ilionyesha wazi kwamba Lea naye alikuwa amedanganywa. Lakini siku hiyo hakuona hivyo. Siku hiyo aliona mwanamke anayemcheka.

Kilichomwokoa hakikutoka kwa mtu anayemjua. Watafiti wa nchi nyingine walikuwa wameifuata makala ya Zablon hatua kwa hatua: yeyusha chumvi kwenye spiriti, iache ikauke polepole, fuwele zitatokea. Hazikutokea. Walipata shira. Wakarudia mara sita, wakapata shira, wakaliandikia jarida. Wahariri nao wakaiandikia idara wakitaka maelezo, au fuwele mpya.

Dokta Elieza akawaita wote wawili. Akasema hana daftari wala shahidi, na hawezi kumhukumu mtu kwa machozi. Atawapa vyumba viwili vyenye kufuli na kemikali zile zile, kila mmoja aitengeneze chumvi na kuigandisha. Siku thelathini.

"Anayeijua ataitoa," alisema. "Na asiyeijua, naye tutamjua."

Siku ya ishirini na mbili, saa tisa alasiri, Zablon alikuja mtaa wa Kikuyu, kwenye chumba alichopanga Anitha. Alimkuta uani anafua. Zablon alikuwa amekonda, kola ya shati imechafuka. Akageuza ndoo, akaikalia.

Alianza kwa kuuliza hali ya mzee Gideoni. Akasema amekosa, shetani alimpitia, kila akilala anamwona yeye. Anitha akasuuza shati, akalikamua, akalitundika kambani. Ndipo Zablon akasema lililomleta.

"Nipe njia tu, Anitha. Maneno machache. Nimejaribu kila kitu, inabaki shira."

"Si una daftari langu?"

Zablon akainamisha kichwa.

"Nililichoma."

"Hukulisoma?"

"Sikulisoma. Niliogopa wasije wakalikuta kwangu. Nilidhani ulikausha kwa spiriti tu, kama tunavyofanya wote."

Anitha akaacha kufua. Mtu huyu alikuwa ameshika miezi yake kumi na minne mkononi, akaitia kiberiti bila kufungua hata ukurasa mmoja. Kitu fulani ndani ya Anitha kilitulia kabisa.

"Na Lea?"

"Lea si kitu. Nitakuoa wewe. Nitakwenda Kongwa nimpigie mzee magoti."

"Mwambie."

"Nani?"

"Lea. Mpigie sasa hivi, weka spika, umwambie."

Zablon alisita. Anitha akarudi kwenye beseni lake, kana kwamba mazungumzo yamekwisha. Nyuma yake akasikia simu ikiita.

"Zabi," sauti ya Lea ilisema, yenye furaha. "Nilikuwa nakufikiria. Mama ameanza kuuliza rangi za sare."

"Lea, tuachane."

"Nini?"

"Tuachane. Sikuwahi kukupenda. Nilihitaji mtu wa mashine, basi."

Zablon akaangalia kama simu imekatika. Kisha Lea akauliza, taratibu sana:

"Uko na nani hapo?"

Zablon alimtazama Anitha. Anitha angeweza kusema. Neno moja lingetosha, jina lake tu. Akatikisa kichwa.

"Niko peke yangu," Zablon akasema.

Wakasikia Lea anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, na simu ikakatika.

"Haya, nimefanya," Zablon akasema. "Niambie."

"Sikuambii."

"Uliahidi."

"Nilikuambia umpigie. Umepiga."

"Anitha, nitafukuzwa kazi."

"Zimebaki siku nane. Mimi ilinichukua miezi kumi na minne. Nenda ukaanze."

Zablon akasimama, akamwita katili, akamwita mchawi, akaipiga teke ile ndoo. Jirani akachungulia dirishani. Anitha akaendelea kuanika nguo zake, soksi kwa soksi, mpaka Zablon alipoondoka.

Siku ya thelathini walikaa watu watano kwenye chumba cha mikutano. Anitha aliweka mezani chupa pana yenye kifuniko, na ndani yake kichupa kidogo kilichojaa sindano. Akaeleza njia yake: unaikausha shira siku tatu mpaka isibaki na unyevu hata kidogo, unaiweka kwenye kichupa kilicho wazi, unakiingiza ndani ya chupa kubwa yenye kimiminika cha etha kwenye kitako, unafunga. Mvuke wa etha unaingia kwenye shira kidogo kidogo na kuibana, na baada ya siku kumi na tisa hivi chumvi inakubali kuganda. Ukiharakisha, unapata matope.

Zablon naye aliweka chupa yake. Kila mtu alishangaa, hata Anitha, maana ndani yake kulikuwa na fuwele nzuri, kubwa kuliko zake.

Dokta Elieza alichukua punje kwa kila mmoja, akaziweka kwenye kifaa cha kupashia moto chenye kipimajoto, akawasha. Kwenye digrii hamsini na mbili, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye makala, punje ya Anitha ililegea, ikawa tone. Ya Zablon ilikaa. Digrii mia moja, imekaa. Mia mbili, imekaa. Mzee akazima kifaa, akamuuliza, bila kupandisha sauti, ni chumvi gani hiyo aliyoitoa kwenye kabati la wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Zablon alitazama mikono yake. Anitha alikuwa amelisubiri tukio hilo kwa miezi, akidhani atafurahi. Alipomwona yule mtu aliyetaka kuzaa naye watoto ametoa jasho mpaka kwenye kope, alihisi kiu tu.

Kabla mwezi haujaisha, jarida liliiondoa makala na Zablon akaondoka chuoni. Anitha alikwenda Kongwa na barua ya Dokta Elieza. Baba yake hakutaka isomwe. Alisema zilizosomwa zinatosha, akasogeza kigoda, akamwambia akae wale.

Lea alipiga mwezi wa kumi na moja, asubuhi, Anitha akiwa maabara. Hakujitambulisha.

"Siku ile aliponipigia. Ulikuwepo?"

Anitha alifikiria kudanganya. Ingekuwa rahisi sana.

"Nilikuwepo."

"Wewe ndiye uliyemwambia apige?"

"Ndiyo."

"Aliniambia wewe ni mfanya usafi. Nilimwamini, na ile meseji niliyokutumia inaniumiza mpaka leo. Lakini wewe ulijua mimi ni nani. Ungeweza kunipigia tu, ukanieleza."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukufanya?"

Anitha alitafuta jibu, akakuta analo moja tu, nalo halikuwa zuri.

"Nilitaka kusikia mtu mwingine akiumia."

Lea hakulia wala hakutukana. Alisema ametuma vipimo vyote vya eksirei kwa barua pepe, pamoja na hesabu zake. Fuwele ni za Anitha, mahesabu ni yake Lea, makala iandikwe upya kwa haki, jina la Anitha litangulie. Kisha akamwomba asimpigie simu kamwe, akakata.

Anitha alijaribu kupiga palepale. Haikupatikana. Akaandika meseji ya samahani, ndefu, haikufika. Lea alikuwa ameizuia namba yake.

Aliandika makala kwa siku tisa. Kila alipokwama kwenye kipimo alituma swali kwa barua pepe, akianza na habari za huko, na Lea alijibu siku ileile, kwa usahihi mkubwa, tarakimu tupu, bila salamu.