Ufunguo Shingoni, Mbwa Ukutani

Maneno yale mshonaji aliyasikia kwenye foleni ya maji, na tangu siku hiyo yakagoma kumtoka kichwani. Kuna gari jeupe, walisema. Linapita mchana kweupe, watu wakiwa kazini. Linaiba mbwa wenye nguvu.

"Wanakata mnyororo kama uzi," alisema mama mmoja huku akitua ndoo.

"Umewaona?"

"Mimi? Sijawaona. Kaambiwa shemeji yangu."

Mshonaji alikuwa na mbwa wawili, ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza aliitwa Bondia kwa ajili ya kifua chake. Wa pili aliitwa Meneja, kwa sababu kila asubuhi alizunguka ua akikagua kila kitu, kisha akarudi kulala. Wateja walipokuja kupima nguo, mbwa hao waliwarukia kwa furaha na kuwaangusha. Kwa hiyo mchana walifungwa.

Mume wa mshonaji alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Alichomelea pete mbili kwenye nguzo za ukuta, moja kila upande wa ua, akatia minyororo.

"Miaka kumi na minane nachomelea," alisema. "Kazi yangu haijawahi kuachia."

"Na shingoni umeweka nini?"

"Kulabu."

"Kulabu mwizi anafungua. Weka kufuli, Baba Chiriku."

"Mke wangu, tunafunga mbwa au tunafunga benki?"

"Weka kufuli."

Makufuli yakawekwa. Funguo mbili mshonaji akazitia kwenye uzi, akauvaa shingoni. Usiku ule alilala vizuri.

Jumamosi moja mshonaji alikwenda kupeleka mashuka ya zahanati. Mumewe alikuwa karakanani. Nyumbani walibaki mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi, na binti yao wa miaka kumi na mmoja. Huyo ndiye Chiriku. Walimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukupumzika.

Paka akapita juu ya ukuta. Bondia akaruka kumfuata. Mnyororo ulikuwa mrefu wa kutosha kumvusha ng'ambo, lakini haukutosha kumfikisha chini. Akaning'inia upande wa kichochoroni.

Simu ya mshonaji ikalia. Alikuwa Bibi.

"Mwanangu, Bondia ananing'inia! Ufunguo uko wapi?"

Mshonaji akajishika shingo. Funguo zilikuwa hapo, kwenye uzi. Mashuka yalibaki sakafuni, yeye akawa ameshatoka mbio.

Alipofika kichochoroni alimkuta Chiriku amekumbatia miguu ya mbwa, anamsukuma juu kwa nguvu zake zote. Ndani ya ua, Bibi alikuwa anagonga pete kwa jiwe. Pete haikuachia. Fundi alikuwa amesema kweli.

"Nimemshika, mama," Chiriku alisema. "Nimemshika."

Mshonaji akafungua kufuli. Bondia akawaangukia mikononi, mzito, mwili bado wa moto. Alikuwa amekwisha kukata roho.

Chiriku aliangalia mikono yake.

"Nilimwachia kidogo tu," akasema. "Nilikuwa nabadilisha mkono."

Wakamzika jioni ileile. Kuanzia hapo Chiriku hakuongea. Meneja naye alionja tu chakula. Alilala kalegea, pua imeelekea ule ukuta. Mshonaji alirudi kwenye foleni ya maji, akauliza kila mtu: nani ameibiwa mbwa? Hakupatikana hata mmoja. Shemeji naye alikuwa ameambiwa tu.

Siku ya nne wakamwita daktari wa mifugo, mama mnene mwenye buti za mpira na sauti ya upole. Alimpima Meneja, akampa dawa. Kisha akasimama mbele ya ile pete.

"Nani kaweka hii hapa?"

"Mimi," fundi alisema. "Na usiitilie shaka. Haijaachia."

"Ndiyo shida yenyewe, fundi. Wewe geti lako likifunguka ni aibu. Mnyororo wa mbwa usipofunguka ni msiba. Na huyu Meneja amefungwa vilevile alivyofungwa mwenzake. Mnasubiri paka wa pili?"

Mshonaji akakaa kwenye ngazi.

"Kufuli nililitaka mimi, daktari," alisema. "Nilitaka wasiibiwe."

Daktari hakumgombeza. Alikaa karibu yake.

"Basi sikiliza, mama. Kwanza, mnyororo si makazi. Ni wa saa chache, na mtu mzima awepo. Pili, mahali. Usifunge karibu na ukuta, ngazi wala mti. Funga katikati ya ua, penye uwazi."

Fundi alichimba shimo la kina cha kiuno. Akasimamisha chuma kinene chenye mguu uliopinda, akamimina zege. Wakasubiri zege likomae siku saba, na siku zote hizo Meneja alikaa chumba cha cherehani, chini ya meza. Juu ya chuma, usawa wa ardhi, fundi aliweka pete inayozunguka, ili mnyororo usijisokote. Upande wa mbwa akaweka nyingine. Mnyororo ulikuwa imara bila kuwa mzito wa kumwelemea mbwa. Daktari alirudi, akashika ncha yake, akatembea duara zima.

"Hatua mbili kamili zibaki kati ya duara na ukuta," alisema. "Ndani ya duara kusiwe na kiti, kisiki wala ndoo ya kumtega. Maji yawe pembeni, kwenye sufuria nzito, anayafikia. Na kivuli! Kivuli cha saa nne si kivuli cha saa tisa. Angalieni jua linahamia wapi."

Kazi ya mshonaji ilikuwa mkanda wa kifuani, ili mvuto usiwe shingoni. Alichukua utepe mnene wa mabegi, akamzungushia Meneja futi yake ya kupimia, akaacha nafasi ya vidole viwili. Alishona kila kiungo mistari mitatu. Utepe ulitosha mikanda miwili. Alikata mmoja, akaukunja uliobaki, akakaa nao mapajani muda mrefu.

Ikabaki kulabu. Fundi alileta moja ngumu, ya kubonyeza kwa kidole gumba.

"Nani hubaki nyumbani?" daktari aliuliza.

"Bibi na mtoto."

"Basi wafungue wao. Wewe kaa pembeni."

Bibi alibonyeza. Vidole vyake vilivyokakamaa viliteleza. Akajaribu tena.

"Hii kulabu ina kiburi kama aliyeinunua," alisema.

Fundi alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Akaleta nyingine, laini zaidi, isiyoachia mbwa akivuta. Bibi alibonyeza, ikafunguka mara moja.

Zamu ya Chiriku ilifika. Alisita. Mama yake alimshika bega.

"Mwanangu, hukumwachia wewe. Kilichomshika ni kufuli langu."

Chiriku alibonyeza. Akafunga. Akafungua tena. Mara sita, saba, nane.

"Inafunguka," alinong'ona. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku kumi na mbili.

Meneja alianza kula, polepole. Sasa hufungwa wateja wakiwepo tu, na wakiondoka Bibi humfungua. Akifunguliwa huzunguka ua mzima akikagua, ila safari hii hukagua peke yake.

Mshonaji alimwomba daktari amtajie yote tena, akayaandika kwa chaki kwenye mlango wa ua, wateja wayasome:

Usifunge mbwa karibu na ukuta, uzio, ngazi au mti.

Usitie kufuli shingoni kwa mbwa.

Usitumie kulabu ambayo aliyebaki nyumbani hawezi kuifungua.

Usivute shingo, tumia mkanda wa kifuani.

Usitumie mnyororo usio na pete inayozunguka, wala ulioliwa na kutu.

Usimfunge mbwa juani wala bila maji.

Usiruhusu watoto wacheze ndani ya duara lake.

Usimfunge kutwa nzima, wala usitoke ukamwacha peke yake kwenye mnyororo.

Usishike maneno ambayo msemaji wake hajaona.

Usingoje mpaka ubaki na mmoja.