Aliyebisha Mlango Melini

Ndung'u, jirani yangu wa mtaa wa Section 58, alitusumbua mwezi mzima na picha za meli kubwa aliyopanda na bibi yake na watoto kwenda kutalii. Lakini mamake hakumchukua; alimwacha kijijini Keringet. "Mathe angetuaibisha mbele ya wazungu," aliniambia akicheka. Nilimdharau siku hiyo, na bado namdharau.

Siku ya tatu baharini, saa nane mchana, bibi yake Wamaitha alimtuma chumbani akachukue sweta ya mtoto. Chumba chenyewe kilikuwa kile cha bei rahisi, katikati ya meli, bila dirisha. Hilo hakuwahi kutuambia; haya yote niliyasikia kwa Wamaitha. Alipofunga mlango tu, stima ikapotea, taa zikazima. Kukawa giza totoro, injini zikinguruma chini ya miguu yake. Kisha mlango ukabishwa, polepole.

"Ndung'u, nifungulie. Nimechoka kusimama."

Ilikuwa sauti ya mamake. Huyo mwanaume wa majigambo akapanda kitandani na viatu, akampigia simu kwa mtandao wa meli. Mamake akashika mara moja.

"Niko kwa ng'ombe, kijana yangu, gambuti zimejaa matope. Mnakula vizuri huko?"

Kabla hajajibu, mlango ukabishwa tena.

"Ndung'u, nifungulie."

Hakufungua. Alilia kama mtoto mpaka stima ikarudi. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani. Lakini kwenye zulia kulikuwa na alama za viatu vya gambuti, za matope mekundu mabichi, kutoka mlangoni hadi kando ya kitanda. Ziliishia hapo, ncha zikimwelekea yeye.