Msumari wa Elsie

Jamani watu wa Jericho, na ninyi wa Makongeni pia, vuteni viti mnisikilize. Mimi ni Muhiba, mke wa Zubeiri, mwenye duka la nazi na viungo pale karibu na soko. Wengi wananiita Mama Afnan, na wengine wakishanipa kisogo wananiita mdomo. Sikatai, mdomo ninao. Lakini haya ninayowaambia leo yalinitia hofu ambayo haijanitoka, na hadi sasa nikisikia mtoto anakohoa mtaani naacha mteja pale pale na kutoka nje kutazama.

Jumamosi ile ilianza vizuri kabisa. Maji yalikuwa yamekuja, kila kamba ya kuanikia imejaa, watoto wanacheza kati uwanjani wakipigiana kelele. Elsie, binti wa jirani yangu Mwelu, alikuwa ameketi kizingitini kwangu akinichambulia iliki. Ni mtoto wa gredi ya tatu, mwembamba, ana maswali kama karani wa mahakama.

"Anti, hii imekufa?"

"Hiyo imekufa, mama. Tupa."

"Na mbona mama yangu hatupi vitu vilivyokufa?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Sikujua kwamba kabla ya magharibi kicheko kile kingenigeukia.

Elsie ana pumu. Mtaa mzima unajua. Baba yake, Mutunga, ni dereva wa lori, huwa safarini Busia siku nyingi kuliko anavyokuwa nyumbani, na kila akiondoka moyo wake hubaki kwa huyu mtoto. Basi siku moja alichukua nyundo akapigilia msumari kando ya fremu ya mlango wa mbele, kwa ndani, upande unaofunikwa mlango ukifunguliwa, chini chini, kimo cha mkono wa Elsie. Akatundika hapo kifuko cha kitenge, na ndani ya kifuko akatia inhela, ile pampu ya dawa ambayo mtoto huivuta kifua kikibana. Alituita tuone, mimi na mke wake.

"Msumari huu ni wa Elsie," alisema. "Hata kofia yangu isitundikwe hapa. Stima ipotee, mtu achanganyikiwe, mkono ujue pa kwenda."

Elsie alifundishwa: ukiitumia, rudisha. Ukitoka nayo, ukirudi, rudisha. Na alikuwa anarudisha, wallahi, kuliko sisi wakubwa tunavyorudisha vyungu tulivyoazima.

Sasa nije kwa Mwelu. Msidhani namsengenya, mwenyewe amenipa ruhusa. Mwelu ni mama mzuri, karani wa ofisi moja ya wakili kule Makadara, mpole, haachi kanisa. Lakini ana ugonjwa mmoja, ugonjwa wa nguo. Robota la mitumba likikatwa soko la Gikomba, yeye yuko mbele akisukumana na wachuuzi kwa viwiko, anatafuta kamera, yaani zile za kwanza kwanza ambazo hazijaguswa. Hanunui kwa sababu amekosa nguo. Ananunua kwa sababu ni bei ya kutupa. Blauzi za mikono mirefu ngapi! Na sketi za mwili aliokuwa nao kabla ya kuzaa, eti atapungua. Atapungua lini na chapati zangu anazila?

Nyumba zetu hizi za kaunsili mnazijua, ukinyoosha miguu unagusa ukuta. Kabati lilipojaa, nguo zikahamia kwenye kochi. Kochi lilipojaa, zikaanza kuingia katika gunia la Desemba.

Ninyi mnalijua gunia la Desemba, msinitazame hivyo! Kila nyumba ya Eastlands yetu hii kuna mtu analo. Nguo ikimchosha, hasemi "natupa," hasemi "nampa Shamso wa nyumba ya pili." Anasema, "Hii ni ya kupeleka ushago, kule kijijini, Desemba." Basi dhamiri inatulia na nguo inabaki. Desemba ikifika, makanga wa basi anataka pesa za mzigo, watu wanaondoka na unga na mafuta, gunia linabaki. Kwa Mwelu gunia lilizaa magunia. Yalipangwa kwenye mlango wa nyuma mpaka mlango ukasahaulika.

"Mama Elsie," nilimwambia siku moja, "mlango wa nyuma umekwenda wapi?"

"Upo, Mama Afnan. Uko nyuma ya magunia."

"Na moto ukiwaka?"

"Wee, usiniapize! Nguo haiozi. Hizi zote zinaenda Kitui Desemba."

"Desemba ipi? Hata ile iliyopita ulisema hivyo hivyo."

Akacheka, akanipiga begani, akaenda zake. Tamaa mbele, mauti nyuma. Walionena hawakukosea.

Turudi Jumamosi ile. Mchana Mwelu alikuja mbio mbio na mfuko mkubwa mweusi, uso unamng'aa. "Elsie! Njoo ndani ujaribu sweta!" Mtoto akaniachia iliki akaenda. Mwelu akafunga mlango, akavuta pazia. Ndiyo kawaida yake, hataki Shamso aone akasema, "Hiyo niachie." Kwa hiyo nguo za mitumba, zilizokaa katika robota sijui tangu lini, zenye vumbi na ile dawa yake inayowasha pua, alizikung'uta humo humo ndani, dirisha limefungwa, mtoto amesimama katikati.

Nilisikia kikohozi. Nikasema, moyo wangu, tulia. Nikasikia tena. Halafu nikasikia Mwelu.

"Mama Afnan! Mama Afnan weee!"

Nilivuka na kanga moja. Nilisukuma mlango ukanigomea, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na rundo la nguo zilizotundikwa. Nikaingia kwa bega. Mtoto alikuwa amepiga magoti sakafuni, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga mluzi. Macho yake, jamani. Yalinitazama kama ya mtu anayezama.

"Inhela iko wapi?"

"Kwenye koti!" Mwelu alikuwa analia. "Jumapili alienda nayo kanisani, ilikuwa mfukoni mwa koti jekundu!"

"Koti liko wapi?"

Aligeuka akatazama magunia.

"Lilikuwa limembana," alisema kwa sauti ndogo. "Nililitia kwa gunia."

"Gunia lipi?"

Subhanallah. Hakujua.

Tulianza kumwaga. La kwanza, la pili. Masweta, suruali za watoto ambao sasa wana ndevu, mapazia. Na kila gunia tulilolipindua lilitoa wingu la vumbi, na kila wingu lilikwenda moja kwa moja katika kifua cha yule mtoto. Tulikuwa tunamtafutia pumzi na papo hapo tunamnyima. Nilipoinua macho niliona midomo yake imegeuka rangi ya majivu.

Alikuwa hawezi kusema. Aliinua mkono, akaunyoosha kwenye mlango wa mbele.

"Anataka nje!" nilipiga kelele. "Anataka hewa!"

Nikambeba. Wakati ule mkono wake ulikuwa bado umenyooka, vidole vinakwaruza zile nguo nyuma ya mlango, nami nikamvuta nikatoka naye. Nje nikampigia Shamso ukelele aite pikipiki.

"Mwelu, twende!"

"Ngoja! Gunia moja tu, lazima liko hapa!"

"Mwelu! Utamzika mtoto kwa matambara!"

Hakusikia. Alikuwa ameingia gunia mpaka mabegani.

Mursal, kijana wa bodaboda, alikuja hata kabla Shamso hajamaliza kulitaja jina lake. Alimtazama mtoto mara moja tu. "Mathee, panda. Mshike wima, kichwa kisianguke. Mimi nakata ndani ndani, vichochoroni." Nilimketisha Elsie katikati yetu, mgongo wake kifuani kwangu. Nilikuwa nazihisi mbavu zake zikivutika ndani kila anapotafuta hewa. Nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua. Halafu, karibu na barabara ya Jogoo, ule mluzi wa kifua ukanyamaza.

Nilidhani amepata nafuu. Nikainama nimwone uso. Shingo ilikuwa imelegea, na kifua kilikuwa hakipigi mluzi kwa sababu hakikuwa na hewa ya kupigia. Nilimpigia Mursal kelele ambayo sijui niliitoa wapi. Yule kijana alipanda ukingo wa barabara na pikipiki yake, Mungu amlipe.

Zahanatini, muuguzi alimpokonya mtoto mikononi mwangu. Akamfunga kinyago cha dawa ya mvuke, mwingine akamchoma sindano. Pazia likavutwa. Nikabaki nimesimama na kanga yangu moja na mikono mitupu inayonuka iliki. Niliogopa. Wacha niseme wazi, mimi mwenye mdomo, niliogopa mpaka nikakosa neno la kumwambia Mungu.

Mwelu akafika anakimbia, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mkononi alikuwa amekamata koti jekundu.

"Nimelipata!" alisema. "Nimelipata, Mama Afnan! Lakini mfukoni hamna kitu. Hamna!"

Akaligeuza mifuko nje mbele yangu, mara ya kwanza, mara ya pili, kama kwamba inhela ingeanguka akiendelea kutazama. Kisha akaketi sakafuni pale pale, akajifunika uso kwa lile koti.

Tulikaa hivyo mpaka tuliposikia kikohozi nyuma ya pazia. Kikohozi kinene, chenye hewa ndani yake. Sijawahi kupenda sauti kama ile. Muuguzi alitoka akifuta jasho. "Mtoto amerudi," alisema. "Lakini mama, mngechelewa kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

Mutunga alifika kesho yake, ametoka Busia bila kulala. Elsie alikuwa ameruhusiwa, amelala kwangu kwa kuwa kwao hakukuingilika. Mutunga hakugomba. Heri angegomba. Alimshika mtoto mkono, wakavuka, mimi na Mwelu nyuma yao.

Alisimama nyuma ya mlango. Akaanza kuondoa nguo zilizotundikwa pale, moja moja, akizilaza sakafuni. Gauni la kwendea harusi. Blauzi. Koti la mvua. Blauzi nyingine. Sketi yenye kibandiko cha bei. Chini ya zote, kwenye msumari wake, kilikuwa kinaning'inia kifuko cha kitenge. Inhela ilikuwa ndani.

Elsie aliirudisha Jumapili ile ile alipotoka kanisani, kama alivyofundishwa. Mama yake akaja na gauni, akaona msumari, akatundika, nyingine zikafuata. Tulipindua nyumba nzima juu chini, na dawa ilikuwa nyuma ya mlango nilioupita kwa bega langu mwenyewe.

Mtoto alimtazama mama yake, halafu akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. "Nilikuwa ninawaonyesha," alisema. "Nilionyesha mlangoni. Mkanitoa nje."

Mwelu alitoa sauti ambayo siwezi kuiiga. Alipiga magoti akamkumbatia, akawa anasema neno moja tu, nisamehe, nisamehe, na yule mtoto anampapasa mgongo kama yeye ndiye mama.

Wiki ile hatukungoja Desemba. Tulitoa kila kitu uwanjani, juani, Elsie akiwa mbali kwa mke wa Mzee Ndolo, jirani wa mtaa wa pili. Mwelu alishika kila nguo akaiuliza: nakuvaa, au nakuhifadhi tu? Zile alizozivaa kweli zilienea katika kabati moja na nafasi ikabaki. Shamso alipata zake, hata lile sweta alilofichwa. Magunia yalipanda basi la Kitui wiki hiyo hiyo, na makanga alilipwa mzigo wake bila ubishi. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, bawaba zililia, na upepo ukapita sebuleni mpaka kwenye kibaraza cha mbele. Mwelu alisimama kwenye upepo ule akilia kimya kimya.

FUNZO

Wenzangu, simkatazi mtu kupendeza. Mimi mwenyewe mkinikuta siku ya Idi mtanisahau jina. Ninachosema ni hiki: kabla hujakwenda Gikomba, fungua kabati lako kwanza. Jua unachokosa, kanunue hicho, urudi. Ukiambiwa ni bei ya kutupa, kumbuka kwamba utaitupa ndani ya nyumba yako. Nunua nguo ya mwili ulio nao leo. Ya mitumba ikung'utiwe nje na ifuliwe kabla haijavuka kizingiti, hasa penye mtoto wa kifua. Mpya ikiingia, moja ya zamani itoke, na itoke kweli, isiishie kochini. Gunia la ushago likijaa lisafirishwe, iwe Machi iwe Agosti, maana ndugu zako wanavaa nguo mwaka mzima. Mlango ni wa watu, si wa mizigo.

Na kitu cha kuokoa maisha kina mahali pake. Mahali hapo hapaazimwi, hata kwa dakika moja, hata na mwenye nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ilibaki kidogo tu tujenge kaburi.

Kwa Mwelu ule msumari bado upo. Siku hizi hautundikwi kitu kingine, na Elsie akipita huugusa kwa kidole bila kutazama. Wewe unayenisikiliza, inuka sasa hivi uende nyuma ya mlango wako. Ondoa nguo moja baada ya nyingine, uone umefunika nini.