Nilimfundisha Mzee Mhina Kusema "Yes, Sir"

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Taita, Kenya. Nilivuka mpaka nikaja Korogwe kufundisha watu wazima Kiingereza, saa za jioni. Wasomaji wenzangu, kazi ile ilikuwa tamu... tamu kupita kiasi!

Wakata mkonge, wenye maduka na wakulima walibanana kwenye madawati ya watoto. Mtu mwenye wajukuu akitamka neno sawasawa, darasa zima lilipiga makofi. Nani asingelewa kwa sifa hizo?

Niliyempenda zaidi ni Mzee Mhina, mkulima wa Handeni, aliyekuja kukaa kwa binti yake Korogwe ili asome. Nje nilimwamkia shikamoo. Darasani yeye ndiye aliyesimama nilipoingia, kama mtoto. Kampuni ya mkonge ililitaka shamba lake, na shauri lingesikizwa kwa Kiingereza na mkuu wa wilaya wa serikali ya Waingereza, tuliyemwita Bwana Shauri; naye Mzee hakumwamini mkalimani wake.

"Mwalimu, nataka Bwana Shauri anisikie kwa mdomo wangu mwenyewe."

Hakuwa tayari. Nilijua! Lakini nilitamani watu wamwone mwanafunzi wangu akiongea na mkuu wa wilaya, Mzungu, uso kwa uso. Nikamshauri amkatae mkalimani. Tena nikamfundisha kwamba jibu la adabu ni "Yes, sir."

Siku ya shauri, kule Handeni, nilikaa nyuma yake. Alianza vizuri, nikatabasamu... Mara Bwana Shauri akamwuliza, haraka haraka, kama amekubali kuhama.

"Yes, sir," akajibu, kifua mbele.

Akaulizwa tena.

"Yes, sir!"

Nilijua hakulielewa swali. Neno langu moja lingetosha! Lakini niliogopa kuonekana mwalimu asiyefaa... nikanyamaza.

Tulipotoka akanishika mkono. "Nimesema vizuri, mwalimu?"

Nikamjibu, vizuri sana. Ee Mungu, mimi ni mtu wa namna gani?

Trekta zilipoingia shambani ndipo nilipompigia magoti, nikamweleza yote.

"Ungekohoa tu, mwanangu," akasema. "Ningegeuka."

Nilikimbilia kwa Bwana Shauri kusema kweli. Nikaambiwa shauri limekwisha.

Walimu wenzangu, nawasihi, msimsukume mtu mbele ili ninyi msifiwe! Na ukimwona anaangamia kwa kosa lako, fungua mdomo palepale, hata ukiaibika. Mimi nilichelewa... Leo Mzee Mhina akitaka kulizuru kaburi la mkewe, huomba ruhusa kwa mnyapara wa kampuni, kisha hulitafuta katikati ya mistari ya mkonge.